Entropi ya eneo imepanda kutoka 0.77 hadi 0.96: mji mdogo unaendelea au unatapanyika?

#1 Msoma Ramani
Wakuu, salaam. Nimekwama wiki ya pili sasa, naomba tusaidiane.

Nimepima mji mmoja mdogo kwa nyakati mbili zilizopishana miaka 20. Watu walikuwa 9,000, sasa ni 11,700. Eneo lililojengwa lilikuwa hekta 80, sasa ni hekta 160. Nilichora pete nne kuzunguka kitovu cha mji, kila moja upana wa mita 500, nikaangalia kila pete imebeba asilimia ngapi ya eneo lote lililojengwa. Zamani, kutoka katikati kwenda nje: 55, 30, 10, 5. Sasa hivi: 30, 35, 20, 15.

Nikaziingiza kwenye fomula ya entropi ya mwanahisabati Shannon ya mwaka 1948, inayopima mafungu yamegawanyika sawasawa kiasi gani. Unachukua kila fungu, unalizidisha kwa logi yake, unajumlisha yote na kugeuza alama. Halafu nikagawa kwa logi ya 4, jibu likae kati ya 0 na 1. Zamani 0.77, sasa 0.96.

Mtu mmoja ninayemheshimu sana kwenye mipango miji kaniambia entropi ikikaribia 1 mji umetapanyika, na mji uliotapanyika hauwezi kuwa endelevu. Mwingine, naye si mtu wa kubahatisha, kasema entropi kubwa ni dalili ya mchanganyiko na mchanganyiko ndiyo afya ya mji. Namba ni hiyo hiyo moja. Nimsikilize nani?

#2 Kijiti
Ngoja waje wenye fani. Nafuatilia.

#3 Fundi Mabomba
Msikilize wa kwanza, mkuu. Nimefanya kazi ya maji miaka mingi na sijawahi kuhitaji logi kuliona hili.

Nyumba zikikaa pamoja, bomba moja la mtaa linahudumia kaya 30 ndani ya mita 300. Nyumba zikitawanyika, mita hizo hizo 300 zinahudumia kaya nne. Kisha kuna jambo ambalo watu wa ofisini hawalioni: maji yanalala kwenye bomba refu lenye watumiaji wachache. Klorini inapungua kadiri maji yanavyokaa, na kaya ya mwisho kwenye laini ndiyo inayopata presha ndogo na maji yaliyokaa kuliko yote. Nimefungua bomba la mwisho wa laini asubuhi, maji yakatoka rangi ya kutu dakika kadhaa kabla hayajasafika. Aliyejenga pale hakutenda kosa lolote. Alipata kiwanja akajenga.

Pete yako ya nne imetoka 5 hadi 15. Mimi hapo nahesabu mita za bomba.

#4 Mama Takwimu
Kabla hatujafika kwenye mabomba, mwenye uzi ametuonyesha asilimia tu. Zigeuze kuwa hekta uone:

Pete ya 1: 44 zimekuwa 48. Pete ya 2: 24 zimekuwa 56. Pete ya 3: 8 zimekuwa 32. Pete ya 4: 4 zimekuwa 24.

Ukisoma asilimia peke yake, 55 kushuka hadi 30, utadhani watu wamekimbia katikati. Hakuna aliyekimbia kwa ushahidi huu. Katikati kumeongezeka hekta 4 na kwingine kumeongezeka 76. Shannon hajui kiasi, anajua mafungu tu. Mji uliopungua kwa nusu na mji uliokua maradufu unaweza kutoa entropi moja kabisa ikiwa mafungu yanalingana. Kwa hiyo usiandike popote "katikati ya mji kumekufa".

#5 Pembe Tatu
Mama Takwimu kagusa moja, mimi naongeza lingine ambalo naona ndilo kosa kubwa zaidi kwenye uzi huu, na nalisema kwa nia njema.

Pete zako hazilingani ukubwa. Pete za upana mmoja zina maeneo yanayokwenda 1, 3, 5, 7. Yaani pete ya nne ni kubwa mara saba ya duara la katikati. Sasa fikiria mji uliosambaa sawasawa kabisa, kila hekta ina majengo sawa na jirani yake. Mafungu yake yatakuwa 1/16, 3/16, 5/16 na 7/16. Piga hesabu yako: inatoka 0.87. Haitoki 1.

Umeona tatizo? Mji uliotapanyika mwisho wa kutapanyika unapata 0.87, na wewe umepata 0.96. Ili ufikie 1 kwa pete hizi, msongamano wa katikati lazima uwe mara saba ya ule wa nje. Huo si mji uliotapanyika hata kidogo.

Michael Batty alilishughulikia jambo hili mwaka 1974 alipoandika kuhusu entropi ya eneo: ndani ya logi, kila fungu unaligawa kwa ukubwa wa eneo lake. Nimekufanyia kwa kulinganisha na usambaaji sawasawa, ambapo 0 ina maana majengo yamesambaa sawasawa kama nilivyoeleza, na namba ikipanda yamekusanyika zaidi. Zamani ulikuwa na 1.11. Sasa una 0.44. Mwelekeo ni ule ule, mji umelegea. Ila bado uko mbali na sifuri. Pete yako ya kwanza ni asilimia 6.25 ya eneo lote na inabeba asilimia 30 ya majengo.

#6 Msoma Ramani
Asante sana Pembe Tatu, hapo umenifumbua macho. Ile 0.96 niliiona kama hukumu ya mwisho. Nimeirudia kwa mkono na kweli 1.11 na 0.44 zinatoka.

Basi nikitumia miraba inayolingana badala ya pete, tatizo limekwisha?

#7 Mzee wa Gridi
Halijaisha, mwanangu, limehama tu.

Chukua mraba wa kilomita moja: mji wako wote unaingia kwenye miraba kama 16. Chukua mraba wa mita 100: unapata miraba 1,600, mingi mitupu. Entropi linganifu (ile uliyoigawa ikae kati ya 0 na 1) itabadilika bila hata tofali moja kuongezeka. Ukisogeza gridi nzima nusu mraba kwenda mashariki, namba inabadilika tena, kwa sababu mtaa uliokuwa ndani ya mraba mmoja sasa umekatwa vipande viwili. Watu wa takwimu waliliona hili tangu 1934, Gehlke na Biehl walipoonyesha kwamba uhusiano kati ya vigezo unaongezeka nguvu ukiunganisha maeneo madogo kuwa makubwa. Stan Openshaw akaja kuandika kitabu kizima kuhusu tatizo hilo mwaka 1984.

Mji mkubwa una miraba mingi hivyo makosa yanafichana. Mji mdogo hauna pa kuficha. Kiwanda kimoja, uwanja mmoja wa michezo, kikihama mraba, namba yote inayumba. Ndiyo maana siku hizi siamini entropi ya mji mdogo isiyokuja na angalau ukubwa wa miraba mitatu na gridi iliyosogezwa mara kadhaa. Mimi huchapisha namba ya chini na ya juu. Wakubwa hawapendi, wanataka moja.

#8 Jicho la Anga
Picha umetoa wapi, mkuu? Zote mbili za setilaiti moja?

#9 Msoma Ramani
Ya zamani ni Landsat, pikseli ya mita 30. Ya sasa ni Sentinel-2, mita 10.

#10 Jicho la Anga
Nilijua. Basi soma taratibu hapa.

Pikseli ya Landsat ni mita za mraba 900. Ya Sentinel-2 ni 100. Kwenye pikseli moja ya zamani zinaingia tisa za sasa. Nyumba moja yenye bati iliyosimama peke yake kwenye majani, ukubwa wa mita za mraba 80, Landsat inaichanganya na majani na mara nyingi inaandika "majani". Sentinel-2 ina nafasi nzuri ya kuiona. Sasa hizo nyumba za peke yake ziko pete gani? Ya tatu na ya nne. Kwa hiyo sehemu ya "kutapanyika" kwako ni jicho lililoboreka, nyumba zilikuwepo zamani.

Katikati ni kinyume: pikseli kubwa inameza ua na viwanja vitupu vilivyobanwa na majengo, inaandika vyote "jengo". Hekta zako 44 za zamani zinaweza kuwa zimevimba.

Ishushe picha mpya iwe mita 30 kwanza, ainisha upya, halafu ndipo tuendelee kubishana. Sentinel-2 ya kwanza ilirushwa 2015, kwa hiyo huwezi kupata picha zake za mita 10 za kipindi chako cha zamani, lakini kushusha mpya inawezekana leo hii hii.

#11 Dada Mitaa
Naona wote mmekimbilia upande mmoja, na yule mtu wa pili aliyemshauri mwenye uzi hana mtetezi. Nimtetee.

Kuna entropi mbili zinazotumia fomula moja. Ya kwanza inauliza: majengo yamekaa wapi? Ya pili inauliza: majengo yanatumika kwa nini? Hii ya pili unagawa ardhi kwa matumizi, makazi, biashara, shule, ofisi, karakana, halafu unapima mchanganyiko wake. Cervero na Kockelman waliitumia mwaka 1997 walipochunguza jinsi mpangilio wa mitaa unavyobadilisha usafiri wa watu. Kwenye hii, namba kubwa mara nyingi ni habari njema, maana mtu anafika kazini, shuleni na dukani kwa miguu.

Kwa hiyo watu wawili waliokushauri hawapingani, kila mmoja anazungumzia entropi yake. Kwa mji mdogo mimi naona ya pili ina uzito zaidi. Mji mdogo unaweza kulegea kidogo ukabaki endelevu kama kila pembe ina shule na zahanati ya karibu. Unaweza pia kubanana vizuri kabisa na bado kila mtu anapanda gari kwenda mji mwingine kutafuta kazi.

#12 Mama Takwimu
Nakubaliana nawe nusu, Dada Mitaa. Ila entropi ya matumizi ina upofu wake. Haijui majina. Mtaa wenye nusu makazi na nusu karakana za kuchomelea vyuma unapata alama sawa na mtaa wenye nusu makazi na nusu shule. Tena inatoa alama ya juu kabisa pale kila matumizi yanapochukua ardhi sawa. Nani anataka mji ambao ofisi zina eneo sawa na nyumba za kulala watu? Kilele cha fomula hakina uhusiano na kilele cha maisha mazuri.

#13 Dada Mitaa
Hilo silikatai. Ndiyo maana mimi hupima mchanganyiko ndani ya mwendo wa dakika 10 au 15 kutoka mlangoni kwa mtu, siupimi kwa mji mzima. Na matumizi ninayoyaingiza ni yale ambayo mtu anayahitaji kila siku. Karakana naziacha nje.

#14 Kete
Jamani, mimi ni mwalimu wa hesabu, miji siijui, lakini Shannon namjua. Naomba niongeze mfano wa ubao wa drafti.

Ubao una vyumba 64, 32 vyeusi na 32 vyeupe. Entropi yake ni biti 1 (biti ni kipimo cha entropi ukitumia logi ya 2). Sasa vikusanye vyeusi vyote kushoto na vyeupe vyote kulia. Entropi ni biti 1 ile ile. Vitawanye ovyo, biti 1. Fomula hiyo haijui nani ni jirani wa nani! Sasa mnaiitaje "ya eneo" wakati eneo lenyewe hailioni?

Lazima upime jozi za majirani. Na hapo ubao wa drafti utapata entropi kubwa kuliko zote kwa sababu umechanganyika kuliko zote.

#15 Pembe Tatu
Mwalimu, mwanzo umepiga penyewe, mwisho umeteleza. Tupige hesabu pamoja.

Ubao wa 8 kwa 8 una jozi 112 za vyumba vinavyogusana ubavu. Kwenye drafti, jozi zote 112 ni nyeusi na nyeupe. Aina moja tu ya jozi, hakuna la kubahatisha, kwa hiyo entropi ya jozi ni 0. Ukikusanya vyeusi upande mmoja, unapata jozi 52 nyeusi tupu, 52 nyeupe tupu, na 8 za mpakani. Entropi ni biti 1.30 hivi. Ukivitawanya ovyo, unakaribia 1.5.

Drafti imepangwa kupita kiasi. Entropi inapima kutotabirika, na drafti inatabirika chumba kwa chumba. Ndiyo hatari ya kutumia neno "mchanganyiko" na "entropi" kama mapacha. Wapo waliojenga vipimo juu ya jozi na umbali, kina Leibovici mwaka 2009 na Altieri na wenzake miaka iliyofuata. Kwa mwenye uzi wetu hiyo ndiyo hatua inayofuata.

#16 Kete
Nimekubali mwalimu wa walimu. 0 kabisa! Nimehesabu jozi zote 112 kwa kidole nikathibitisha. Kesho wanafunzi wangu watazihesabu pia.

#17 Joto
Mimi naona mnazunguka. Entropi ni sheria ya pili ya joto. Mwanafizikia Clausius aliipa entropi jina hilo mwaka 1865. Mji ni kama kiumbe hai: unaingiza chakula, mafuta na umeme, unatoa taka na moshi. Mwanauchumi Georgescu-Roegen alishasema mwaka 1971 kwamba uchumi wote unakula rasilimali zenye mpangilio na kutoa zisizo na mpangilio. Entropi ya mji ikipanda basi mji unaoza. Hakuna haja ya pete wala gridi.

#18 Mzee wa Gridi
Joto, polepole. Jina ni moja, na fomula ya Boltzmann ya fizikia ya joto na ya Shannon zinafanana sura, lakini asilimia za majengo kwenye pete hazina kipimo cha joto wala nishati. Huwezi kutoa hukumu ya mafuta na taka kutoka kwenye ramani ya mapaa. Na mji uko wazi, unapokea nishati kutoka nje. Prigogine alipata Nobel ya Kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha jinsi mifumo ya namna hiyo inavyoweza kujenga mpangilio mpya ikiwa mbali na utulivu. Ukitaka entropi ya joto ya mji, pima umeme, mafuta na taka kwa tani. Ni kazi nzuri, ila ni kazi nyingine.

#19 Joto
Sawa mzee, ila sijaondoka kwenye msimamo. Mji uliotawanyika unachoma mafuta zaidi. Mwisho wa siku vitu hivi viwili vinakutana barabarani.

#20 Fundi Mabomba
Na kwenye mabomba.

#21 Hesabu Fupi
Mbona hakuna aliyetaja kiashiria cha Umoja wa Mataifa? Malengo ya Maendeleo Endelevu yalipitishwa 2015, lengo la 11 ni la miji, na kiashiria 11.3.1 kinalinganisha kasi ya ardhi kuliwa na kasi ya watu kuongezeka. Hakina pete.

Kwa mji huu: ardhi kutoka hekta 80 hadi 160 kwa miaka 20, logi ya 2 gawa kwa 20, ni asilimia 3.47 kwa mwaka. Watu kutoka 9,000 hadi 11,700, ni asilimia 1.31. Uwiano ni 2.64. Ukizidi 1 maana yake ardhi inaliwa haraka kuliko watu wanavyoongezeka. Kesi imeisha.

#22 Mama Takwimu
Haijaisha. Umetumia mwongozo wa zamani wa upande wa ardhi. Uliopo sasa hautumii logi kwa ardhi, unachukua ongezeko ukaligawa kwa eneo la mwanzo na kwa miaka. Hapo ardhi ni asilimia 5 kwa mwaka, watu wanabaki kwa logi 1.31, na uwiano unakuwa 3.81. Kutoka 2.64 hadi 3.81 bila mji kusogea. Anayelinganisha ripoti mbili lazima aangalie kwanza zimetumia fomula ipi.

Mimi kwa mji mdogo napendelea namba ya kawaida kabisa: mita za mraba zilizojengwa kwa kila mtu. Zamani 89, sasa 137. Hata diwani ambaye hajawahi kusikia neno logi anaielewa hapo hapo.

#23 Mpita Njia
Hicho kiashiria kilinitoa jasho. Nilipima mji mdogo ambao watu walikuwa wakipungua, vijana wanaondoka. Ardhi iliyojengwa iliendelea kuongezeka kidogo, uwiano ukatoka hasi. Mji wa jirani watu hawakuongezeka wala kupungua sana, uwiano ukaruka hadi makumi. Nikaandika tahadhari kwenye ripoti, ofisi iliyoniagiza ikaikata tahadhari ikabakiza namba. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu kuna watu waliosomewa ile namba kwenye kikao kama vile mji wao una ugonjwa.

Miji midogo mingi iko pale karibu na sifuri. Kipimo kilitengenezwa kikiwaza miji inayokua.

#24 Mzee wa Gridi
Pole sana ndugu. Tahadhari huwa ndiyo sehemu ya kwanza kukatwa.

#25 Kijiti
Swali la mgeni: "mji mdogo" ni upi hasa? Kila mtu hapa anautaja.

#26 Hesabu Fupi
Kwa njia iliyoidhinishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020, unachukua miraba ya kilomita moja. Iliyoshikana yenye angalau watu 300 kila mmoja, na jumla ya angalau watu 5,000, ni eneo la mji. Ikifika watu 1,500 kwa mraba na jumla ya 50,000, ni jiji. Mji wa uzi huu wenye 11,700 unaingia kati, mradi miraba yake ishikane.

#27 Njia Panda
Mimi nilipita kwa barabara. Kuna entropi ya mwelekeo wa mitaa: kila kipande cha barabara kinaelekea upande gani. Geoff Boeing alilinganisha miji 100 ya dunia mwaka 2019, Chicago ikatoka na mpangilio mkali kuliko yote, karibu kila barabara inaelekea pande nne zile zile. Nilifurahi nikajaribu kwenye miji midogo na kila mmoja ukatoka tofauti kabisa na mwenzake, nikadhani nimegundua kitu.

#28 Kete
Vipande vya barabara vilikuwa vingapi?

#29 Njia Panda
Kwenye mmoja 60 hivi.

#30 Kete
Sampuli ndogo, rafiki. Entropi ya sampuli ndogo hutoka chini kuliko ilivyo kweli. Kuna sahihisho la Miller na Madow: unaongeza idadi ya makundi kutoa moja, ugawe kwa mara mbili ya sampuli. Kwa makundi 18 ya nyuzi kumi kumi na vipande 60, ni 17 gawa kwa 120, yaani 0.14. Mji wenye vipande 600 sahihisho lake ni 0.014. Kwa hiyo kabla hujasema mji mdogo "umepangika zaidi" kuliko mkubwa, ongeza hizo kwanza.

#31 Njia Panda
Nimeongeza. Miji miwili imebadilishana nafasi. Asante.

#32 Msoma Ramani
Wakuu nimerudi. Nimefanya alivyosema Jicho la Anga: nimeshusha picha mpya iwe mita 30 na kuainisha upya. Hekta 160 zimekuwa 138. Mafungu sasa ni 38, 34, 17, 11. Entropi ya pete imetoka 0.96 ikawa 0.92. Kwa hiyo jicho lilichangia, na Jicho la Anga alikuwa sahihi, ila halikuleta kila kitu. Kutoka 0.77 hadi 0.92 bado kuna mji uliotoka nje.

#33 Jicho la Anga
Safi. Hata hiyo 0.92 ina mkono wa kivuli na majira. Picha zote mbili ni za kiangazi? Udongo mtupu wa kiangazi unafanana sana na paa.

#34 Dada Mitaa
Sasa tuulize kwa nini walitoka nje. Fundi anasema kutapanyika, sawa, lakini kaya zikoje? Tuseme zamani kaya ilikuwa na watu 6: watu 9,000 ni nyumba 1,500. Tuseme sasa kaya ni watu 4.5: watu 11,700 ni nyumba 2,600. Watu wameongezeka asilimia 30, nyumba asilimia 73. Hakuna aliyefuja ardhi, familia zimekuwa ndogo. Ukimhukumu mzazi aliyewapa wanawe wawili nyumba mbili kwamba "anatapanya mji", umemwonea.

#35 Fundi Mabomba
Hilo naliheshimu. Ila wangejenga pete ya kwanza. Mama Takwimu kaonyesha ni hekta 48, na duara lenyewe lina kama 78. Nafasi ipo.

#36 Mpita Njia
Nafasi ipo kwenye ramani, Fundi. Huenda ni ya mirathi isiyogawanywa, au bonde linalojaa maji, au mwenye nayo anasubiri bei ipande. Setilaiti haioni hati. Mimi nasimamia kwamba barabara kuu ndiyo iliyowavuta: pete zako zinaficha umbo. Kata mji kwa vipande vya keki badala ya pete uone kama majengo mapya hayako yote upande mmoja.

#37 Mzee wa Gridi
Naunga mkono hilo la vipande. Na kabla ya kulaumu familia, barabara au hati, nenda pete ya nne kwa miguu. Chagua pointi 40 bila kubagua kati ya zile zilizoandikwa "jengo", ziingize kwenye simu, simama juu ya kila moja uandike unachokiona.

#38 Msoma Ramani
Nimetoka huko jana jioni, miguu imechakaa. Pointi 40. Kwenye 27 kuna nyumba na watu wanaishi. Kwenye 9 kuna kuta bila paa, nyingine majani yameota ndani hadi dirishani. Kwenye 4 ni mwamba mtupu, mweupe, nimeugusa kwa mkono.

Miamba naiondoa, hiyo ni wazi. Vipande vya keki: majengo mapya yako zaidi kando ya barabara, lakini si yote. Kinachonisumbua ni zile kuta 9. Kwenye mojawapo nilimkuta mama anamwagilia miche ndani ya chumba kisicho na paa. Akaniambia wanaezeka mwakani. Hizi nazihesabu kama mji au siyo?

#39 Fundi Mabomba
Alikuwa anamwagilia kwa maji ya wapi?

#40 Msoma Ramani
Dumu la lita 20, kwa baiskeli, kutoka pete ya pili.